Nilimponda Bi King'ora Gazetini, Kumbe Mchoraji ni Mdogo Wangu

Mshauri wangu mpendwa,

Kama umenizidi umri, shikamoo, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana hapa nilipofika naweza kumwamkia yeyote atakayekubali kunisikiliza. Naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka nimalize, ingawa mke wangu alishindwa, alicheka kwanza ndipo akanihurumia, na ni yeye aliyesema nikuandikie wewe kabla sijaandika upuuzi mwingine wa kutuaibisha.

Mimi ni mhakiki. Kila wiki nina ukurasa wangu gazetini ambamo nachambua vitabu vya katuni, hasa vile vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kama unataka kusema hiyo ni kazi ya kitoto, baba mkwe wangu alikuwahi, aliyasema hayo siku ya kwanza tulipoonana na bado sijapoa. Naipenda kazi hii na sijawahi kuifanya kwa mzaha. Na katika mashujaa wote hao yupo mmoja ambaye sithubutu kumwandika ovyo, naye ni Bi King'ora.

Labda wapo wasomaji wako wasiomjua, kwa hiyo nieleze kidogo. Bi King'ora alikuwa mpokea simu wa kikosi cha zimamoto, kazi yake kukaa kwenye kiti na kusikiliza watu wakilia nyumba zao zinaungua huku magari yanakawia, mpaka siku moja akachoka, akaweka simu chini, akafungua dirisha la ghorofani akaruka, na hakuanguka. Basi. Hakuna dawa aliyokunywa wala bwana aliyemfundisha. Tangu hapo mtu akiita popote mjini yeye anasikia na anakwenda, amevaa suti nyekundu na glavu na barakoa inayomfunika uso mpaka kidevuni, nywele zake nyeusi zinapepea nyuma, na akitua neno lake ni moja tu, "Nimeshafika." Mama alitusomea hadithi hizo mimi na mdogo wangu wa kike tulipokuwa wadogo. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, na wagonjwa wakiruhusiwa huacha vitu, basi yeye alirudi na vitabu vilivyochakaa, vingine havina jalada, vingine havina mwisho, na kama mwisho haupo anautunga papo hapo, na king'ora anakipiga kwa mdomo wake mpaka jirani anagonga ukuta.

Sasa unajua wachapishaji walivyo, hawawezi kumwacha mwanamke atulie. Nimeshuhudia Bi King'ora akisimuliwa upya mara kadhaa. Kuna waliosema nguvu zake alizipata kwa kuchomwa sindano na profesa mmoja mwenye ndevu, yaani kuruka kwake kote kukawa mali ya profesa. Kuna waliompa mchumba kisha wakamuua huyo mchumba mwanzoni tu mwa kitabu, ili Bi King'ora alie mpaka mwisho. Kuna waliompunguzia suti mpaka nikajiuliza anapitaje kwenye moto akiwa hivyo. Wote hao niliwaandika na sijutii, maana kila mara niliuliza swali lile lile, kwamba huyu mliyemchukua mkamfanya upya, mmemwondolea nini, na jibu lilikuwa linaonekana waziwazi.

Mwaka huu wakatangaza kwamba Bi King'ora anaanza upya tena, kwa mkono wa mchoraji ambaye jina lake lingejulikana siku kitabu kitakapotoka. Hapa inabidi nikueleze ninavyofanya kazi, kwa sababu ndipo nilipoteleza. Kitabu cha katuni huanza kwa mistari mitupu ya penseli, kisha ndipo hupakwa rangi, na mimi kwa kutaka kuwatangulia wenzangu huwaomba wachapishaji wanitumie kurasa za mistari kabla hazijapakwa. Wala si kutangulia tu. Nimeandika mara nyingi, tena kwa majivuno, kwamba rangi ni mapambo, hadithi iko kwenye mstari, na anayetaka kukijua kitabu akisome kikiwa mifupa. Mdogo wangu huyo niliyemtaja amekuwa mtu wa kupaka rangi vitabu vya watu wengine miaka yote ya kazi yake, kazi anaifanyia mezani kwa mama kwa kuwa ndiye anayeishi naye, na hayo majivuno yangu niliyasema hata mbele yake tukiwa tunakula, naye hakunibishia, aliongeza mchuzi akaendelea.

Basi nikazisoma hizo kurasa, mshauri, na damu ikanichemka. Bi King'ora anasikia mtu anaita, anaruka, akiwa hewani anasahau ni nani aliyeita. Anatua mbele ya jengo linaloungua, ukurasa unaofuata jengo halipo, kuna maegesho ya magari, naye amesimama katikati anasema "Nimeshafika" na hakuna mtu. Anamwokoa mlinzi wa benki, anamweka chini salama, anazunguka mtaa na kurudi kumwokoa mlinzi yule yule, kisha tena, na mlinzi mwenyewe hana tatizo lolote, kila mara anashukuru tu na kuokota kofia yake. Akirudi nyumbani anahangaika kutafuta funguo, kumbe zimo kwenye kopo la sukari. Nikaandika kwamba wamemfanya kichekesho. Nikaandika kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka funguo kwenye sukari, ingawa hapo nakiri kwamba nilishazikuta funguo kwa mama mahali hapo hapo, nikacheka nikapika chai. Nikaandika kwamba mchoraji ni mzembe kiasi cha kusahau jengo alilolichora ukurasa uliotangulia. Na nikamalizia kwa maneno ambayo wasomaji wengi waliyasifu, kwamba kila mstari wa kitabu hiki unaonyesha kuwa mchoraji wake hampendi huyu mwanamke.

Kitabu kikatoka kimepakwa rangi. Nywele za Bi King'ora ni nyeupe.

Ni nyeupe kitabu kizima, mshauri. Kwenye mistari nywele zote huwa tupu, nami nilidhani ni zile zile nyeusi zinazosubiri wino. Suti nyekundu imepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Na kila anachokiona ambacho kilikuwepo zamani na sasa hakipo kimepakwa manjano ya karatasi ya kale, na kila kilichopo leo kimepakwa buluu, kwa hiyo lile jengo ni la manjano, liliungua zamani, na anayeliona ni yeye peke yake. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Ni hadithi ya Bi King'ora aliyezeeka na kuanza kupotewa na kumbukumbu, na chini kabisa ya jalada imeandikwa kwamba hadithi, michoro na rangi ni vya Kifutio. Kifutio ni jina tulilompa mdogo wangu nyumbani akiwa shule ya msingi, kwa sababu akikosea mstari alikuwa anafuta mpaka karatasi inatoboka.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi watu wananipita. Nilijua kwamba mama anasahausahau, mdogo wangu alishanidokeza kwenye simu, nami nikasema ni uzee, wote tunaelekea huko. Mimi nikienda huwa ni mchana, nakaa kama saa moja, namkuta mama amevaa vizuri, amechanwa nywele, anacheka, tunaongea mambo ya zamani ambayo anayajua kuliko mimi, naondoka moyo mweupe.

Nikampigia mdogo wangu. Nilimweleza habari ya mistari na rangi, nikaeleza vizuri sana, kama ninavyokueleza wewe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba zile kurasa zilikuwa zimetandazwa mezani siku nyingi, mama akawa anapita anazitazama, na kabla hata tone la rangi halijagusa karatasi mama aliweka kidole juu ya Bi King'ora akasema, "Huyu naye amezeeka. Anatua kama mimi ninavyoshuka kitandani." Kisha mdogo wangu akaja kwenye uhakiki wangu. Akasema, "Kaka, uliandika kwamba simpendi." Hakulia wala hakupaza sauti. Akasema mama anamwita, akakata, na tangu siku hiyo simu yangu haipokelewi.

Sasa shida yangu ni hii. Maduka ya vitabu yamepunguza oda kwa sababu ya uhakiki wangu, wachapishaji wameahirisha toleo la pili, lenye mwendelezo wa hadithi, na wanasema huenda wasilitoe kabisa, na hiki ndicho kitabu cha kwanza mdogo wangu kukichora mwenyewe baada ya kupaka vya wenzake. Nilimwendea mhariri nikamwomba nafasi ya kurekebisha, akasema mhakiki akianza kula matapishi yake hasomwi tena. Nikiandika kukisifu, watu watajua ni mdogo wangu na watasema tumbo moja. Nikinyamaza, kitabu kinakufa na aliyekiua ni mimi. Tena, nisikufiche, kuna upande wangu wa kihakiki ambao bado unaninong'oneza kwamba Bi King'ora ni wa watu wote na si halali mtu mmoja kumzeesha, kwamba watoto wanaomsoma leo wanahitaji mwanamke ambaye akiitwa anafika. Niandike au ninyamaze? Na nikiandika, niandike nini ili mdogo wangu anirudie na heshima yangu ya kazi ibaki? Nisaidie, nimeishiwa.

Ni mimi,
Mhakiki niliyekwama

*

Mshauri anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nimekuzidi, na kwa umri wangu hili la kusahau silichukulii kama jambo la vitabuni, kwa hiyo utanisamehe nikiwa mkali mahali fulani.

Kwanza pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na sioni mtu mbaya ndani yake. Naona mtu aliyelelewa na mama mchangamfu, akaipenda hadithi aliyosomewa mpaka ikawa kazi yake, na akajiweka kuwa mlinzi wake. Yale uliyowaandikia kina profesa mwenye ndevu waliyastahili, na mimi ningeongeza. Lakini ulinogewa na rungu, ukaanza kupiga kabla ya kuuliza ni nani anayepita.

Umeandika barua ndefu na maswali yako yote yanahusu gazeti. Niandike, ninyamaze, niandike nini, heshima yangu itabakije. Nimetafuta swali hata moja kuhusu mama yako sikuliona. Hujaniuliza huko kusahau kumefika wapi, kama ameonwa na daktari, kama analala, nani anampeleka bafuni. Unasema ulimkuta amevaa vizuri na amechanwa nywele. Nani alimvalisha? Ulidhani ameamka hivyo?

Na habari ya rangi naomba uiache hapa hapa kwangu, usiende nayo tena kwa mtu. Ni kweli nywele zilihitaji rangi. Jengo la manjano nalo lilihitaji rangi, na hapo ulichofanya ni kuonja chakula kibichi kisha ukamlaumu mpishi. Lakini funguo kwenye kopo la sukari hazikuhitaji rangi. Hizo ulizitoa kwa mkono wako, ukakung'uta sukari, ukapika chai, kisha ukaenda kuandika gazetini kwamba hakuna mtu anayefanya hivyo. Mama yako, ambaye ndiye tunayesema anasahau, alitazama mistari ile ile mitupu uliyotazama wewe na akaona kinachosimuliwa, kwa sababu alikuwa anatazama kitu anachokijua. Wewe hukukijua, na hukukijua kwa sababu hukai pale muda wa kutosha kukiona.

Hilo ndilo linalomuuma mdogo wako. Amekudokeza kwenye simu ukasema ni uzee. Akaona labda kaka yake akisimuliwa kwa katuni atasikia, maana katuni ndiyo lugha unayoiheshimu, akakaa akachora kitabu kizima huku anamhudumia huyo huyo anayemchora. Ukamjibu mbele ya watu kwamba hana mapenzi. Ningekuwa mimi, simu yako nisingeipokea mpaka leo.

Sasa nije kwenye huo mnong'ono wako wa kihakiki, kwa kuwa nakuona umeuuliza kwa dhati. Unasema shujaa akisimuliwa upya wewe huuliza ameondolewa nini. Swali zuri, nimelipenda. Basi liulize na hapa. Profesa alimwondolea kuruka kwake, yule mchumba marehemu alimwondolea kazi yake. Mdogo wako amemwondolea nini? Baada ya barua yako nilikwenda nikakinunua kitabu, nikakisoma jikoni mpaka mboga ikaungua. Bi King'ora amesahau aliyeita, amesahau mtaa, amesahau kwamba mlinzi ameshaokolewa. Lakini hakuna ukurasa ambao ameitwa akabaki amekaa. Kwa maoni yangu, katika wote waliomgusa, huyu ndiye wa kwanza kumwachia kila kilicho chake, akamwondolea kile tu ambacho uzee wenyewe huondoa. Na hao watoto unaowatetea wana bibi zao nyumbani, hawatashtuka kama ulivyoshtuka wewe.

Basi fanya hivi. Kesho usiandike chochote. Nenda kwa mama asubuhi mapema, kabla hajavalishwa, na usipige simu kwanza, maana utapata muda wa kupanga hotuba. Usibebe kitabu wala gazeti. Mdogo wako akifungua mlango mwambie umemkosea, uishie hapo, halafu muulize ni kazi gani ya asubuhi hiyo haijafanyika. Akikunyamazia, osha vyombo. Na atakunyamazia, umejitafutia mwenyewe, vumilia.

Ukishatoka huko ndipo uende kwa mhariri. Usimwombe nafasi ya kukisifu kitabu. Mwombe mistari michache ya kusema kwamba ulihakiki kitabu ambacho hakijakamilika, kwamba uliyoyaita makosa ya mchoraji yalikuwa makosa yako, na kwamba mchoraji ni mdogo wako kwa hiyo kitabu kitachambuliwa upya na mtu mwingine. Usiweke sifa hata moja. Hapo hakuna atakayekuambia tumbo moja, na wachapishaji watapata kitu cha kuwaonyesha wenye maduka. Akikataa, mwambie wasomaji wameshakiona kitabu na wana macho, na kwamba aibu hii afadhali muitoe wenyewe kuliko kutolewa na barua ya msomaji. Akikataa tena, mwambie wiki hiyo ukurasa wako utakuwa mtupu. Umewakaripia wachapishaji kwa ujasiri miaka yote hii, hebu ujasiri huo utumie siku moja ndani ya ofisi yenu. Heshima unayoililia itatokea hapo, kama itatokea. Na hizo kurasa za mistari acha kuziomba, subiri kitabu kama wasomaji wengine wanavyosubiri.

Halafu kuna hilo toleo la pili. Unadhani wanaolizuia ni wachapishaji peke yao. Hata wakiliruhusu leo, litachorwa saa ngapi? Mdogo wako anachora mkono mmoja uko kwenye penseli na sikio liko chumba cha pili. Wewe una ukurasa mmoja kwa wiki. Chukua siku mbili katika kila wiki, siku nzima na si ile saa yako moja ya kucheka, ukae na mama wewe, ili mwenzako atoke na karatasi zake akachore mahali ambapo hakuna anayemwita. Mke wako, ambaye namkubali sana kwa kukucheka, mwombe akusaidie yale ambayo mtoto wa kiume hawezi kumfanyia mama yake. Siku hizo zishike hata kama mdogo wako bado hajakusamehe. Zishike zaidi kama hajakusamehe.

Haitakuwa rahisi, sikudanganyi. Mama atakuuliza jambo moja tena na tena, nawe utajibu kila mara kama vile ndiyo kwanza umeulizwa. Hasira itakupanda, kisha utaona aibu kwa kumkasirikia mtu asiye na kosa. Mdogo wako anaijua hasira hiyo na anaijua aibu hiyo, na siku moja mtakaa mkaiongea, na nadhani siku hiyo ndipo atakaposema nawe tena kama zamani. Ila kwa kuwa naijua kazi yako nakuonya mapema. Mama akikutazama usoni akakuita kwa jina la mjomba wako, usimsahihishe. Itika.